Wazee wa kona katika ngumi za ridhaa Ayalandi: heshima yao ni cheti au ni kura?

#1 MzeeWaKona (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wiki nzima humu ni mikanda, promota kagombana na bondia, nani kamkimbia nani. Leo naomba tuangalie upande ambao kamera haigeuki, yaani kona. Yule mzee wa taulo begani anayemtoa kijana kinga ya meno, anampa maji, anamwambia maneno mawili tu kabla kengele haijalia. Asubuhi yake alikuwa kazini kama mtu mwingine yeyote.

Mfano wangu ni Ayalandi. Kisiwa kina watu kama milioni saba, na kwenye ngumi kinacheza kama nchi moja. Chama chao cha ngumi za ridhaa kilianzishwa 1911 na kinashika kaunti zote 32, za Jamhuri na zile za Kaskazini zilizo chini ya Uingereza. Tangu John McNally wa Belfast achukue fedha Helsinki 1952 hadi Kellie Harrington alipobeba dhahabu yake ya pili Paris 2024, ngumi zimewapa medali 19 za Olimpiki. Hakuna mchezo mwingine uliowapa nyingi kiasi hicho.

Sasa chukua medali yoyote kati ya hizo uifuatilie ilikotoka. Utafika kwenye ukumbi wa parokia, ghala la zamani au darasa lililoachwa, na mtu mmoja mwenye funguo. Anafungua jioni akitoka kazini, anafunga usiku, na halipwi senti.

Tarehe 8 Agosti 1992, Barcelona, Michael Carruth alimpiga Mkuba Juan Hernández kwa pointi 13 kwa 10 kwenye fainali ya uzani wa welta. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya ngumi kwa Ayalandi. Kwenye kona yake alikuwepo baba yake mzazi, Austin Carruth, kocha wa klabu ya Drimnagh pale Dublin. Na alikuwepo Nicolás Cruz, Mkuba aliyeletwa 1988 kuwanoa Waayalandi. Kwa hiyo siku hiyo Mkuba alimsaidia baba wa Drimnagh kumwangusha Mkuba. Ngumi zina mambo.

Mwingine ni Francie Barrett. Huyu ametoka katika jamii ya Travellers, watu wa asili ya Ayalandi wenye desturi ya kuishi kwa kuhamahama, na mpaka leo ubaguzi dhidi yao haujaisha. Alikuwa na miaka 19 alipobeba bendera ya taifa kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Atlanta 1996. Kocha wake, Chick Gillen, alikuwa kinyozi mjini Galway, na ukumbi wao wa mazoezi ulikuwa kontena, lile lile la kushushwa melini. Pambano la kwanza Barrett alimfunga Mbrazili 32 kwa 7, la pili Mtunisia akamtoa. Lakini bendera ilikuwa imeshapita mbele ya dunia, imeshikwa na kijana wa karavani.

Halafu kuna Gerry Storey wa klabu ya Holy Family, Belfast. Mfanyakazi wa bandarini. Mikononi mwake wamepita Hugh Russell, aliyepata shaba Moscow 1980, na Barry McGuigan kabla hajawa bingwa wa dunia 1985. Wakati Belfast inawaka, Wakatoliki na Waprotestanti wanauana, Storey alikuwa anaandaa mapambano pande zote mbili za mji, na vijana wa pande zote walikuwa wanaingia kwenye ukumbi wake. Aliingia hadi gereza la Maze kufundisha ngumi wafungwa wa pande mbili zilizokuwa zinawindana. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya Laureus ya michezo kwa ajili ya jamii. Alikuwa ameshafanya kazi hiyo miongo kadhaa bila dunia kumuuliza jina.

Hoja yangu ni hii, na mnipinge. Waayalandi wana tuzo za kila aina kwa watu wa kujitolea. Chama kinatoa, majimbo yanatoa, shirikisho la michezo lina tuzo zake za kitaifa kwa wanaojitolea kwenye michezo yote. Ni vizuri. Ila kinachowafanya wazee hawa waheshimike kweli ni kwamba chama ni cha klabu, na anayekwenda mkutano mkuu kuisemea klabu ni yule yule mwenye funguo. Ana kura. Kiongozi akitaka kitu lazima apite kwake. Cheti bila kura ni picha ya ukutani.

Karibuni.

---

#2 ShomboLaFeri

Mkuu kumbe hawa jamaa wana historia hivi. Mimi nikisikia Ayalandi na ngumi namwona McGregor tu na suti zake 😂

---

#3 MzeeWaKona

Shombo, hata huyo McGregor wako alianzia utotoni kwenye klabu ya ngumi za ridhaa ya Crumlin, Dublin, kabla hajaanza kupiga watu mateke. Pale kocha ni Phil Sutcliffe, aliyeiwakilisha nchi Olimpiki mbili, 1980 na 1984, akarudi mtaani kufundisha watoto wa watu. Hiyo ndiyo desturi yao, bondia akimaliza kupigana anashika pedi. Medali za mzee zinaning'inia ukutani na mzee mwenyewe anapiga deki chini yake.

---

#4 BintiPangani

Jamani huu uzi umenikuta nilipo. Mimi naishi Dublin, upande wa magharibi, na kijana wangu anacheza ngumi kwenye klabu ya mtaa. Jina la klabu sitalitaja, maana wenyewe hawapendi kusemwasemwa mitandaoni.

Niwaambie inavyokuwa. Siku ya kwanza nimempeleka mtoto, nilivaa baibui langu, moyo unadunda, nikasema hapa tutaangaliwa kwa jicho la pembeni. Mlango ukafunguliwa na mzee mmoja, miaka sabini na ushei, ameshika ufagio. Nikadhani mlinzi. Nikamwuliza kocha yuko wapi, akacheka, akasema ingia ndani mama, kuna chai. Kumbe ndiye kocha, ndiye mfagiaji, ndiye anayechemsha maji. Mke wake ndiye katibu wa klabu, anaandika kila kitu kwenye daftari, na hesabu za wafadhili anazijua kichwani.

Ada ni kidogo mno, na asiyekuwa nayo haulizwi. Nimeona kwa macho yangu mzee akimpa mtoto glovu akamwambia "hizi zilisahauliwa humu, zinakutosha?" Hazikusahauliwa na mtu. Zilikuwa mpya, bado zinanuka duka.

Mwanangu anasema huyo babu hajui kupiga kelele. Mtoto akikosea anamsimamisha, anamshika kiwiko, anamgeuza bega, "tena." Basi.

Kitu ambacho watu hawakijui ni makaratasi. Siku hizi kila anayefundisha watoto kule lazima apekuliwe na polisi wa nchi, wanaita Garda, sheria ilianza kutumika 2016. Na lazima apite kozi ya kulinda watoto. Ni sheria nzuri, mimi mama naishukuru. Lakini mfikirieni mzee aliyefundisha tangu ujana wake, leo anaambiwa ajaze fomu kwenye kompyuta na barua pepe hana. Kwenye klabu yetu tulikaa naye kina mama wawili, mmoja Mnaijeria na mimi, tukamjazia. Akaja na keki.

---

#5 KaptagatBoy

Wadau, salamu kutoka Uasin Gishu. Hii stori ya mzee asiye na karatasi kubwa lakini anatoa mabingwa, sisi huku tunaijua vizuri, na yule wetu pia ni Mwayalandi! Brother Colm O'Connell alikuja kufundisha St Patrick's Iten 1976, akidhaniwa atakaa kwa muda mfupi tu. Riadha hakuwa ameisomea popote. Alichofanya ni kutazama watoto wakikimbia, kila siku, kila mwaka, mpaka akafika kwa David Rudisha na rekodi ya mita 800 London 2012. Hajawahi kuondoka. Kwa hivyo nikisoma kuhusu Gerry Storey namwona Brother kabisa, wale watu wanaonekana wametoka kwa kitambaa kimoja.

Lakini hoja ya MzeeWaKona kuhusu kura inaniuma kidogo kwa sababu nikiangalia ngumi zetu Kenya, nani amezibeba? Ni polisi, jeshi, magereza. Bondia mzuri wa mtaani akichomoza anachukuliwa kazi huko, anapata mshahara, na hilo ni jambo jema, usinielewe vibaya. Ila kocha wa social hall aliyemfunza akiwa na miaka kumi anabaki na nini? Nakuru pale ukumbi wa Madison Square umetoa mabondia wangapi wa taifa? Kina nani waliwafunza? Mtu wa kawaida atakutajia mabondia, makocha hatataja hata mmoja.

Na kuna kitu kidogo kinanichekesha. Seoul 1988, uzani wa welta, dhahabu ni ya Robert Wangila wetu. Kwenye uzani huo huo, michezo hiyo hiyo, kulikuwa na Mwayalandi anaitwa Billy Walsh, akatolewa mapema. Wangila alifariki Las Vegas 1994 baada ya pambano la kulipwa. Walsh alirudi nyumbani Wexford akawa kocha, mwisho akawa mtu mkubwa sana kwa ngumi za Ayalandi. Watu wawili wa mizani moja. Kila nikikumbuka hiyo nashindwa kuendelea na kazi.

---

#6 Ngosha_wa_Mabatini

Nimesoma yote. Sasa ngoja niwe mbaya wa uzi huu.

Mnawapamba sana watu wa kujitolea. Mimi naona kujitolea mara nyingi ni jina zuri la kutolipwa. Mzee wa BintiPangani angekuwa kocha wa kuogelea wa shule ya matajiri, angelipwa. Kwa kuwa anafundisha watoto wa maskini ngumi, anapewa keki.

Pili, takwimu za MzeeWaKona zinaficha jambo. Baada ya Barcelona 1992, ambako mbali na Carruth Wayne McCullough alichukua fedha, ni nini kilitokea? Atlanta 1996 hakuna medali. Sydney 2000 walipeleka bondia mmoja tu. Athens 2004 mmoja tu, Andy Lee. Wazee wenye funguo walikuwepo miaka hiyo yote! Vyeti walipewa, chai ilichemshwa, medali hazikuja. Zilirudi baada ya 2003 ilipoundwa programu ya kulipia wataalamu, chini ya Gary Keegan, akaja Billy Walsh, akaletwa Zaur Antia kutoka Georgia. Mazoezi ya kudumu, wanasaikolojia, chakula, safari za kupimana nguvu nje. Beijing 2008 medali tatu: Kenny Egan fedha, Paddy Barnes na Darren Sutherland shaba. London 2012 nne.

Kwa hiyo tuache hisia. Pesa na utaalamu ndivyo vilivyoleta medali. Hao wazee ni watu wazuri, waombewe, lakini tusiseme wao ndio sababu.

---

#7 MzeeWaKona

Ngosha, nilikuwa nakusubiri.

Takwimu zako ni sahihi zote na nazikubali. 2003 ilibadilisha kila kitu. Lakini jiulize Keegan na Walsh walimfundisha nani. Walimchukua Egan akiwa ameshaiva mikononi mwa klabu ya Neilstown. Walimchukua Barnes kutoka Holy Family, kwa yule yule Storey, kizazi kingine kabisa. John Joe Nevin, aliyepata fedha London, alitoka klabu ya Cavan kwa Brian McKeown. Programu ilikuwa na nafasi za watu wachache tu pale kwenye uwanja wao wa South Circular Road, Dublin. Yule mtoto wa miaka kumi na moja, pua inachuruzika, hajui mguu upi uwe mbele, hakuna mtaalamu anayelipwa aliyewahi kumwona. Anaonwa na kinyozi.

Na huo uwanja wenyewe, National Stadium, ulifunguliwa 1939, umejengwa mahsusi kwa ngumi. Mwaka huo huo ukapokea ubingwa wa Ulaya na Jimmy Ingle na Paddy Dowdall wakaondoka na dhahabu. Chama cha ngumi za ridhaa, zile za bure, kina uwanja wake kabla ya Vita Kuu ya Pili! Mtu aliyepigania ujengwe ni rais wa chama wakati huo, Jenerali W. R. E. Murphy, aliyekuwa pia kigogo wa polisi. Huyo naye alikuwa mtu wa kujitolea, ila wa kuvaa tai shingoni.

Kuhusu kulipwa, hapo tuko pamoja zaidi ya unavyodhani. Sisemi wasilipwe. Nasema walipwe au wasilipwe, wasiondolewe kwenye meza. Kinachotokea sehemu nyingi ni kwamba wataalamu wakija, wazee wanapewa chakula cha jioni, ngao ya mbao, na mlango.

---

#8 Ngosha_wa_Mabatini

Meza? Wamekaa mezani na tumeona walichofanya. Mwaka 2015 Billy Walsh, kocha aliyewapa medali saba kwenye Olimpiki mbili, aliondoka kwenda Marekani baada ya mvutano wa mkataba na chama. Rio 2016 wakarudi mikono mitupu. Mwaka 2022 mkurugenzi wa ile programu ya wataalamu, Bernard Dunne, naye akajiuzulu, kisha chama kikaitisha mkutano wa dharura kupitisha mageuzi ya uongozi. Serikali ilikuwa imeshaonya kwamba fedha zitapunguzwa wakikataa. Klabu zikapiga kura, zikakataa! Ndiyo hizo kura zako MzeeWaKona. Watu wenye funguo waliamua, na wangeweza kuua kila kitu.

---

#9 MzeeWaKona

Ndiyo. Na ndiyo maana nimesema heshima ya kweli ni kura, sijasema kura huamua vizuri kila mara. Mtu unayempa kura ana haki ya kukuudhi. Mzee anayejua jina la kila mtoto klabuni hapendi kuambiwa na mtu wa ofisini kwamba bodi sasa itakuwa na watu wa kutoka nje ya mchezo wasiowahi kushika ndoo. Hofu yao naielewa. Uamuzi wao sikuupenda, kwa sababu anayeumia fedha zikikatwa ni bondia mwenye miaka 22 anayesubiri Olimpiki.

Ila angalia kilichofuata badala ya kuishia hapo. Mwaka huo huo wa mtafaruku, 2022, Istanbul, Lisa O'Rourke na Amy Broadhurst walitwaa ubingwa wa dunia. Lisa na dada yake Aoife, naye bondia, wametoka Castlerea, kamji kadogo kaunti ya Roscommon. Juu walikuwa wanagombana, huku chini milango ilikuwa inafunguliwa jioni kama kawaida.

---

#10 Mwanaidi_K

Samahani wakubwa, naona uzi mzima ni babu, mzee, baba. Wanawake je? BintiPangani amemtaja mke wa kocha anayeandika daftari, hapo ndipo mimi nimekaa. Wangapi wako hivyo? Tuzo za miaka hamsini ya kujitolea anapewa mume, na aliyekuwa anafua jezi na kukata sandwichi miaka hiyo hamsini ni nani?

---

#11 BintiPangani

Mwanaidi umenena mwanangu. Yule mama wa klabu yetu, mume alipopewa tuzo yake, yeye alikuwa jikoni. Nilikuwepo. Lakini mume akapanda jukwaani akakataa kuishika mpaka mkewe aitwe. Akaja na aproni, kakasirika kweli kweli, anasema mnaniaibisha, nina viazi motoni. Ukumbi mzima ulisimama. Kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Na wanawake ulingoni, hiyo ni hadithi nyingine. Katie Taylor alipokuwa msichana kule Bray, ngumi za wanawake hazikuwa halali. Baba yake Pete, fundi umeme na bondia wa zamani, alikuwa anamfundisha kwenye banda karibu na bandari, hata choo hakikuwemo. Mtoto alikuwa anaficha nywele kwenye kofia ya kujikinga, jina linaandikwa K. Taylor ili wapinzani wadhani ni mvulana. Pambano la kwanza la wanawake lililoruhusiwa rasmi lilikuwa 31 Oktoba 2001, pale National Stadium, Katie akiwa na miaka 15. Miaka kumi na moja baadaye ana dhahabu ya London, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kupigana ngumi Olimpiki.

Kellie Harrington naye alikataliwa klabu ya kwanza aliyoiendea kwa sababu ni msichana. Akapokelewa kwingine, baadaye akatua St Mary's ya Tallaght kwa kocha Noel Burke. Ana dhahabu mbili za Olimpiki na aliendelea na kazi yake ya usafi katika hospitali ya magonjwa ya akili. Siku moja nimemwona Portland Row, mtaani kwao, anapiga soga na kina mama kama hajafanya kitu.

---

#12 Mwanaidi_K

Kwa hiyo klabu moja ilimfukuza na nyingine ikampokea, na tofauti ilikuwa mtu mmoja mlangoni. Hilo nalo tuliweke kwenye hesabu. Mwenye funguo anaweza pia kufunga.

---

#13 MzeeWaKona

Mwanaidi umepiga pale pale penye kidonda. Sina cha kuongeza.

---

#14 KaptagatBoy

Naomba kuuliza BintiPangani. Hawa wazee wakifariki, huko wanafanywaje? Kwetu mtu kama huyo mazishi yake yanajaa, hotuba zinapigwa mpaka jioni, wanasiasa wanashika maiki, halafu Jumatatu social hall imefungwa kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye funguo.

---

#15 BintiPangani

Nimeenda moja, la kocha wa klabu jirani. Watoto wa klabu walipangwa mistari miwili nje ya kanisa, wamevaa traksuti za klabu, jeneza likapita katikati. Glovu kuukuu juu ya jeneza. Klabu za mbali zilikuja na bendera zao, hata zile ambazo mwezi uliopita walikuwa wanatukanana kwa sababu ya uamuzi wa majaji. Baada ya hapo wanakwenda kula na kusimulia, na hapo ndipo unajua walimpenda, kwa sababu wanamsema vibaya kwa mapenzi. Eti alikuwa dereva wa hovyo, eti aliwahi kumsahau mtoto kwenye kituo cha mafuta wakienda mashindanoni.

Kuhusu funguo, KaptagatBoy, hapo wamejipanga. Klabu nyingi zina mtoto wa kocha, mpwa, au bondia wa zamani ambaye alishaanza kufungua mlango mzee akiwa hai. Lakini si zote. Zipo zilizokufa na mtu wake.

---

#16 ShomboLaFeri

Nilikuja na utani wa McGregor, nimebaki nasoma mpaka chai imepoa.

Sasa turudi Dar. Titus Simba alituletea fedha ya Jumuiya ya Madola 1970 Edinburgh. Michael Yombayomba akaleta dhahabu 1998 Kuala Lumpur. Nani hapa anawajua makocha wao wa kwanza kabisa? Simaanishi wa timu ya taifa. Wa mtaani. Aliyewafunga bandeji mara ya kwanza.

---

#17 Ngosha_wa_Mabatini

Mimi sijui. Na nilikuwa nafuatilia ngumi tangu Yombayomba anacheza.

Nabaki na msimamo wangu kwamba mtu alipwe. Lakini kwa hili la majina Shombo amenifunga.

Pendekezo langu ni la kibahili, halihitaji bajeti. Bondia akitangazwa ulingoni, mtangazaji ataje na klabu yake ya kwanza na kocha wa klabu hiyo. Sentensi moja. Waayalandi kwenye ubingwa wao wa taifa jina la klabu linatangazwa pamoja na la bondia, sawa? MzeeWaKona nithibitishie.

---

#18 MzeeWaKona

Naam, jina na klabu vinakwenda pamoja. Kule hata magazeti yakiandika matokeo, baada ya jina la bondia inafuata klabu. Ukisoma unajua Drimnagh wana nani mwaka huu, Holy Family wana nani. Klabu inajulikana kwa kazi yake, na kocha anajulikana kwa klabu.

Nakuongezea na la pili, Ngosha. Kadi ya ukocha wa ridhaa iwe na haki ya kuingia mashindano ya taifa bure, maisha. Mzee aliyelea bondia wa taifa asisimame getini akibishana na mgambo.

---

#19 ShomboLaFeri

Hilo la getini limewahi kutokea, naacha majina.

Basi nafungua uzi mwingine leo jioni: "Makocha wa ngumi wa mtaani Tanzania na Kenya, taja jina, mtaa na miaka." Masharti: aliyefariki atajwe kwa jina, aliye hai aulizwe kwanza kama anakubali. Bila picha za watoto. Mwanaidi nisaidie kusimamia, naogopa watu wataleta ubishi wa Simba na Yanga mle ndani.

---

#20 Mwanaidi_K

Nitasimamia. Sharti la tatu: kila jina la kocha liambatane na jina la aliyekuwa anaandika daftari.

---

#21 KaptagatBoy

Niko ndani. Nakuru naanza nao kesho, kuna mzee wa Madison lazima nimpigie kwanza.